Sabato Sita Nilizozijaza kwa Kalamu

Juma lililopita niliishia pale fundi wa simu, Onyancha, alipokataa kunisalimu mlangoni pa jikoni, akamwambia Bwana Ratilal kwamba yeye hakutumwa kuja kuzungumza na watu wa masufuria. Kwa ajili ya yule ambaye hakusoma, nitaeleza kwa kifupi nani ni nani, kisha tuendelee, kwa maana leo ndipo ninapofika kwenye dhambi yenyewe.

Mimi ni Persis, mama yake Orpah, wa Nyakoe. Kwa miaka tisa nimepika, nimefua na nimepiga pasi katika nyumba ya Bwana Ratilal, mwenye duka la misumari na mabati hapa Kisii mjini. Nina umri wa miaka arobaini na sita. Kusoma nilianza nikiwa na arobaini na minne, katika darasa la ngumbaru la Mwalimu Ogeto.

Mume wangu, Nyangau, alifika darasa la saba, jambo ambalo hajatupa nafasi ya kulisahau. Siku niliyorudi na daftari langu la kwanza, alilipima uzito mkononi akaniuliza kama nimeleta kitu cha kuwashia moto. Hakucheka peke yake. Kijiji kizima kilicheka.

Nilisubiri. Mwanamke aliyechekwa hujifunza kusubiri.

Nafasi yangu ililetwa na Chandni, mkaza mwana wa Bwana Ratilal. Mumewe, Ankit, alikwenda Uingereza kusoma mwaka wa 1999, akamwachia mkewe kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Kwa waya huo maneno hukimbia hadi Nairobi, na kutoka Nairobi huvuka bahari. Kila siku saa tano asubuhi, isipokuwa Jumamosi ambayo Ankit huwa kibaruani, wawili hao huandikiana papo hapo, huyu akiandika na yule akijibu.

Ndivyo ilivyopasa kuwa. Lakini tangu mwezi wa tano, ule mwezi ambao mparachichi wa nyuma ya nyumba ulikatwa, maneno yalianza kuchelewa. Yalikwama njiani, yakafika yote pamoja, yakapishana.

Siku moja nilimkuta Chandni anafuta machozi mbele ya mashine.

"Kuna msiba, mama?" nilimuuliza.

"Ameniuliza kama bado ninampenda," alisema.

"Nawe ukamjibuje?"

"Alikuwa ameniuliza kwanza leo tunapika nini. Jibu la chakula ndilo lililochelewa. Kwa hiyo yeye ameuliza kama ninampenda, akapata jibu: Sijaamua, labda viazi."

Niligeuza uso nikajidai kuangalia pazia. Ankit alikata mawasiliano, akanyamaza siku nne. Mwanamume aliyesoma hadi Uingereza ameshindwa kutofautisha mke na viazi.

Chandni ndiye aliyenifundisha kupima. Unaandika neno fupi kwenye ukurasa mweusi wa kompyuta, na mashine inatuma kitu kama hodi hadi Nairobi, kisha inahesabu muda mpaka hodi ijibiwe. Muda huo huhesabiwa kwa milisekunde, yaani sekunde moja ikikatwa vipande elfu moja sawasawa. Jibu likija kwa vipande mia mbili, njia ni nzuri. Likija kwa mia nane au mia tisa, njia ni mbovu. Lisipokuja kabisa, hodi yako imepotea, nawe unaweka alama ya msalaba.

"Kwa nini usipime mwenyewe?" nilimuuliza.

"Mimi ndiye ninayelalamika," alisema. "Watu wa simu watasema ninamlilia mume. Lakini wakiona daftari la mtu mwingine, limepigwa mistari, lina tarehe na saa, watanyamaza. Unaweza, Mama Orpah?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninaweza. Watu walikuwa wakiniambia tu kwamba siwezi.

Mwalimu Ogeto alinichorea jedwali kwa rula: kila juma mstari mmoja, kila mstari visanduku saba. Akanionya kwa sauti yake ile ya kuhubiri, "Persis, kisanduku kitupu ni mtu aliyelala kazini. Anayesoma daftari huanzia pale palipo patupu."

Nilipima kila siku saa tano kasoro robo, hodi kumi kwa mpigo, nikaandika ile ya katikati. Jumapili mia nane na thelathini. Jumatatu mia tisa na kumi. Jumanne msalaba. Namba zangu zilisimama wima kama wanakwaya.

Ila mimi ni Msabato. Ijumaa kabla ya jua kuzama ninarudi Nyakoe, na siku ya Sabato sigusi kazi. Kwa hiyo kisanduku cha saba kilikuwa kitupu.

Kilinitazama. Jumapili ya kwanza, alfajiri, kabla wenye nyumba hawajaamka, nilikaa kwenye meza ya jikoni nikakitazama nami. Ijumaa ilikuwa mia nane na arobaini. Jumapili, nilijua, ingekuwa mbaya vilevile. Katikati ya siku mbili mbovu, ingetoka wapi siku nzuri?

Nikaandika: mia nane na sitini. Nilibadilisha kidogo ili ionekane imepimwa.

Chandni alipoliona daftari, aliuliza, "Na Jumamosi ulipimaje? Sisi sote tulikuwa dukani."

"Nilipita hapa mara moja," nilisema. "Si nina ufunguo wa jikoni?"

Alinishika mkono akanishukuru. Watu huamini upesi jambo linalowasaidia, na matajiri huamini upesi zaidi.

Nilifanya hivyo Sabato sita.

Sasa nirudi kwa Onyancha.

Sijapata kumwona mwanamume anayejipenda kama yule. Alikuja nyumbani mara nne, na mara zote nne alidai chai kabla ya kugusa waya. Kiunoni alining'iniza bisibisi saba, na kazi nikamwona akiifanya kwa moja. Akipanda ngazi huvuta suruali juu kwanza, kama bibi arusi anayevuka tope. Akishuka husema, "Iko sawa," bila kumtazama mtu, kisha simu inaharibika kesho yake.

"Hukuitazama saa tano," nilimwambia mara ya tatu. "Hii ni saa tisa. Mchana huwa nzuri. Mbovu ni saa tano."

"Omong'ina," alisema, jina ambalo kwa Kigusii humwita mwanamke mzima kwa heshima, ila mdomoni mwake lilitoka kama ganda la ndizi. "Simu haina saa. Saa iko na githeri kwa sufuria. Wewe chunga githeri."

"Nina namba hapa."

"Namba za ngumbaru." Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Mwaka juzi huyu mama alikuwa akitia kidole gumba kwenye barua. Leo anapima simu."

Nilimwondolea kikombe kabla hajamaliza.

Basi, Bwana Ratilal aliandika malalamiko kwa ofisi ya simu, na Alhamisi, kabla ya saa sita, akaja mkubwa wa Onyancha, Bwana Onsongo, mtu mfupi wa koti la kijivu asiyependa maneno. Onyancha alimfuata nyuma akibeba ngazi, bila kudai chai.

Tulisimama sebuleni: Bwana Ratilal, mkewe Sumitra, Chandni, mafundi, na mimi na daftari langu nililolifunika kwa gazeti lisichafuke.

"Nani amepima?" Bwana Onsongo aliuliza.

"Ni mimi."

"Wewe ni nani hapa?"

"Mimi ndiye ninayepika."

Akamgeukia Bwana Ratilal, ambaye Kiswahili chake ni cha kaunta ya duka. "Yeye iko andika yote," Bwana Ratilal alisema. "Mimi naona na macho. Fundi yako iko kuja mara nne, iko kunywa chai mara nne. Simu iko vile vile."

Bwana Onsongo akafungua daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sijui kama kuna sauti tamu kwa aliyechelewa kusoma kuliko ile ya mtu mwenye koti akigeuza kurasa zako polepole.

"Kazi safi," alisema hatimaye. "Onyancha, wewe ulipokuja hapa uliandika nini?"

"Bosi, mimi huweka kwa kichwa."

"Kichwani," nilisema. "Ndiyo maana tumekaa na giza wiki sita."

Sumitra alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa mama yule kucheka jambo nililosema mimi, na nakiri kwamba lilinilevya.

Onyancha alikunja uso, lakini safari hii hakucheka. "Bosi, nisikilize. Waya wangu kutoka kwa nguzo mpaka ukuta ni safi. Nimeusikiza. Hii shida inatoka ndani ya ua. Hapa kuna pasi, kuna mashine ya kusaga, kuna watu wanaenda wakirudi. Jumamosi nyumba hii hulala, hakuna kazi inayofanyika. Angalia Jumamosi. Kama Jumamosi simu ni mbaya kama siku zingine, basi kosa ni langu. Niandikie barua niende nyumbani."

Nikaanza kulikunja lile gazeti nililofunikia daftari.

Bwana Onsongo alishusha kidole kwenye safu ya saba. "Jumamosi, mia nane na sitini," alisoma. "Jumamosi, mia tisa na tano. Jumamosi, msalaba. Jumamosi, mia nane na themanini."

Ule msalaba niliutia kwa ajili ya uzuri.

Onyancha alinitazama. Nilimwona anahesabu jambo kwa vidole, mkono ukiwa umefichwa nyuma ya mguu wa suruali.

"Nani alikuwa hapa Jumamosi?" aliuliza.

"Ati nani?" Sumitra alimkatiza. "Wewe naharibu simu, sasa nauliza watu maswali? Wewe polisi?"

"Imetosha," alisema Bwana Onsongo, akafunga daftari. "Onyancha, umejihukumu mwenyewe. Lakini mimi ni mtu wa haki. Hadi Jumatatu hakuna fundi atakayegusa laini hii, wewe ukiwa wa kwanza. Nyinyi endeleeni kupima saa tano kila siku. Simu ikipona bila mkono wa fundi, nitajua kosa ni la nyumba, naye atarudi kazini. Isipopona, barua yake ya kufukuzwa iko tayari. Mama, Jumatatu ulete daftari ofisini."

Aliniita mama. Onyancha alibeba ngazi yake akatoka, na mlangoni alijigonga nayo kichwani. Sikumhurumia hata kidogo. Nilisimama dirishani nikamtazama akivuka barabara, nikajisemea kwamba hivyo ndivyo mtu anavyotembea akiwa na bisibisi saba na hana kazi.

Furaha yangu ilidumu kama nusu saa.

Wingu lilikuwa limeshuka kutoka milima ya Manga, kama kawaida ya mchana wa Kisii, nami nikakimbilia nyuma kuanua nguo. Asubuhi nilikuwa nimefua shuka nane na blanketi moja, zote zikiwa bado nzito. Niliziondoa haraka, nikizitupa kwenye beseni. Nilipochomoa blanketi, Chandni akaniita kutoka ndani.

"Mama Orpah, njoo uone. Imeshuka. Mia mbili na kumi."

Nilikwenda na beseni kichwani. Kweli. Mia mbili na kumi, mia mbili na tano, mia mbili na nane. Hodi zilijibiwa kama mtoto mwenye adabu.

"Inatutania," Chandni alisema. "Imesikia mkubwa amekuja." Akachukua mkoba wake akaenda dukani.

Mimi nilibaki nimesimama, maji ya shuka yakinidondokea shingoni.

Nilirudi nyuma ya nyumba. Nikaitazama kamba ya nguo kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nikiitumia kila siku. Upande mmoja imefungwa kwenye nguzo ya ua. Upande wa pili zamani ilifungwa kwenye mparachichi. Mparachichi ulipokatwa mwezi wa tano, mimi mwenyewe, kwa mikono hii, niliihamishia kwenye ndoano ya chuma iliyokuwa ukutani. Ilikuwa imara, tena ya urefu unaofaa, na haikuwa na kazi nyingine niliyoijua.

Juu ya ndoano hiyo ndipo waya wa simu unapoingia nyumbani. Umeunganishwa pale pale, na kiungo kimezungushiwa utepe mweusi.

Kamba ikibeba shuka nane mbichi, ndoano inavutwa. Ndoano ikivutwa, kiungo kinaachana kidogo. Saa nne ninaanika. Saa tano nguo zina maji. Mchana zimekauka, au nimeshazianua kwa sababu ya mvua.

Siku sita ninafua. Siku ya saba nipo kanisani.

Mwalimu Ogeto hutufundisha kujaribu hesabu mara mbili. Mimi nilijaribu mara tatu, nikitumaini kukosea. Nilianika blanketi bichi, nikaingia ndani nikapima: mia nane na sabini, mia tisa na ishirini, msalaba. Niliondoa blanketi: mia mbili na sita. Nilianika. Niliondoa. Nilianika. Kila mara mashine ilinijibu bila huruma, kama shahidi asiyejali nani anamlisha.

Yule bwege wa bisibisi saba alikuwa amesema kweli. Shida ilikuwa ndani ya ua, na siku ya kuithibitisha ilikuwa Jumamosi. Angehitaji Jumamosi moja tu ya kweli. Mimi nilimpa sita za uongo.

Msomaji, najua unavyonitazama. Unasema ningekwenda siku hiyo hiyo kwa Bwana Onsongo nikamweleza. Ningemwambia nini? Kwamba daftari alilolisifu mbele ya watu limepikwa jikoni pamoja na ugali? Nyangau angelisikia kabla jua halijazama. Angeniuliza, kwa upole wake ule wa shemasi, kama Jumamosi nilivunja Sabato au nilivunja amri ya tisa, ile ya kutosema uongo, kisha angesubiri nichague. Na darasa zima la ngumbaru, wanawake kumi na wanane, lingerudi kuwa kichekesho kwa sababu yangu.

Nilijiambia hivyo. Ni maneno mazuri. Nimeyaandika hapa ili uone jinsi mtu anavyoweza kujua kuandika vizuri na bado akawa takataka.

Ijumaa asubuhi niliamka nikijua ninachokijua, nikafua, nikaanika. Saa tano kasoro robo nikapima: mia nane na themanini. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Saa nane Chandni akaja jikoni. "Nimefikiria jambo," alisema. "Wiki sita umekatiza siku yako ya ibada kwa ajili yangu na Ankit. Nimeona aibu. Kesho sitaenda dukani. Nitapima mwenyewe, nikuandikie kwenye kisanduku chako. Wewe nenda ukaombe bila wasiwasi."

"Si lazima, mama," nilisema.

"Nimeshamwambia mama mkwe."

"Kisanduku chenyewe ni kidogo, mwandiko wako ni mkubwa."

Alicheka. "Nitajibana."

Alipotoka nilikaa kwenye kiti kidogo cha kumenyea viazi. Kesho hakuna nguo kambani. Kesho saa tano mashine itasema mia mbili, na Chandni, ambaye si mjinga, atatazama Jumamosi sita zilizopita, kisha atanitafuta kwa macho.

Isipokuwa kamba iwe na mzigo.

Wazo hilo halikuja kama majaribu yanavyoelezwa kanisani, kwa ngurumo. Lilikuja kama kazi ya kawaida ya nyumbani. Blanketi kubwa la kijivu la Bwana Ratilal halikuwa limefuliwa tangu Pasaka. Nikilifua sasa, likaanikwa jioni, kwa baridi ya Kisii litalala bichi mpaka adhuhuri ya kesho. Hakuna atakayeligusa. Wenye nyumba hawajawahi kuanua kitu. Nami nitakuwa Nyakoe, nimeketi safu ya tatu, sijafanya kazi yoyote siku ya Sabato. Blanketi ndilo litakalofanya kazi.

Nililifua. Nililipigia sabuni mara mbili kana kwamba nafsi yangu ingetoka pamoja na povu.

Saa kumi na moja na nusu jua lilikuwa limeinama. Jirani walikuwa wakikusanya kuni za jioni, na mimi nilipaswa kuwa njiani. Nilibeba beseni hadi nyuma ya nyumba, nikalitua chini. Blanketi lile lilikuwa zito kama mtu aliyelala. Nilipitisha ncha moja juu ya kamba.

Nikakumbuka Mokeira, mke wa Onyancha. Mumewe ni Mkatoliki wa Nyaramba, lakini yeye ni Msabato mwenzangu. Sabato zote sita ameketi kando yangu kwayani, tukitumia kitabu kimoja cha nyimbo, kwa kuwa mimi nilikuwa nimejua kusoma na yeye bado. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwonyesha kwa kidole tulipofika.

Ndipo nilipoelewa Onyancha alikuwa akihesabu nini kwa vidole: Sabato nilizoimba na mkewe.

Mikono yangu ilisita. Kisha, naandika hili kwa sababu nimeahidi kuandika yote, mikono yangu ikaendelea. Nililivuta blanketi mpaka likaenea kamba yote. Ndoano ukutani ikalia kidogo. Nikabana kibanio cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Ongeza na shuka," sauti ikasema kutoka juu.

Niliinua uso. Nje ya ua, barabarani, juu ya nguzo ya simu, Onyancha alikuwa amejifunga mkanda wake wa ngozi, miguu ameikanyagisha kwenye vyuma. Hakuwa na bisibisi hata moja. Sikioni alikuwa ameshika ile simu ya fundi yenye vibanio viwili, nayo alikuwa ameibana kwenye waya.

"Umekatazwa kugusa laini," nilisema. Sauti ilinitoka ndogo.

"Sijagusa. Nasikiza tu." Hakuwa anacheka. Nilitamani acheke. "Kamba ilipokuwa tupu, laini ilinyamaza. Umeweka blanketi, ikaanza kukwaruza. Mokeira aliniambia Sabato zote umeimba naye, nikamwambia hapana, huyu mama ni mtu wa namba, hawezi kudanganya. Nikabishana na bibi yangu juu yako."

Nyuma yangu mlango wa jikoni ulifunguliwa. Nilisikia kandambili za Chandni kwenye saruji, na sauti yake ikiuliza, "Mama Orpah, bado hujaenda? Unaongea na nani?"

Kibanio cha nne kilikuwa mkononi. Jua lilikuwa limebakisha upana wa vidole viwili juu ya mabati ya jirani.

"Mjibu, omong'ina," Onyancha akasema kutoka nguzoni, na safari hii jina hilo alilitamka kama linavyopaswa kutamkwa. "Ama anika tu umalize. Mimi bado nasikiza."